Kadi Mbili Mezani: Tathmini ya Kliniki ya Mama na Mtoto kwa Mjamzito Anayenyonyesha

Kituo cha afya ninachokitathmini hapa ni cha serikali na kipo mjini Morogoro. Sitakitaja jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kusifiwa, na wahudumu wake ni wachache kiasi kwamba mtaa mzima unawafahamu kwa sura. Nimekwenda hapo mara nane, tano kwa ajili ya mimba na tatu kwa ajili ya mtoto peke yake, tangu mimba yangu ya pili ilipokuwa na wiki 10 mpaka sasa ilipofikisha wiki 34. Katika muda wote huo binti yangu wa kwanza, ambaye leo ana miezi 19, hakuacha kunyonya isipokuwa kwa siku nne ambazo nitazieleza. Ninamwandikia mwanamke aliyeshika mimba huku mwanawe bado anadai nyonyo, na anayejiuliza kama kliniki itampa ushauri au itamwongezea maneno juu ya yale aliyokwisha kuyasikia nyumbani.

Mimba yenyewe haikupangwa. Nilikuwa miongoni mwa wanaoamini kwamba anayenyonyesha hapati mimba, na ni hapo kituoni nilipofafanuliwa kwamba kinga hiyo ipo kweli lakini ina masharti matatu ambayo lazima yatimie kwa pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi sita, awe ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama awe hajaanza tena kuona siku zake. Binti yangu alikuwa anakula ugali kwa dagaa na mimi nilikuwa nimekwisha kuona siku zangu mara tatu, kwa hiyo kinga iliyokuwa imebaki ilikuwa ya imani tu.

Siku ya wajawazito ni Jumatatu. Nilifika saa moja na robo asubuhi nikakuta benchi mbili zimejaa, na nikatoka saa nane kasoro dakika ishirini. Sehemu ya kungoja huko ilitokana na utaratibu unaojulikana katika vituo vingi, wa kuwahudumia kwanza wanawake waliokuja na wenza wao. Nia yake naielewa, kwa sababu mume anayepimwa pamoja na mkewe ni faida kwa wote wawili, lakini mwanamke ambaye mumewe ni dereva wa lori na yuko njiani kuelekea Tunduma anaadhibiwa kwa kosa lisilo lake, tena akiwa na mtoto mgongoni na kichefuchefu cha mwezi wa tatu.

Vipimo vyenyewe vilifanywa vizuri, nami sina la kulalamika. Nilipimwa shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, na muuguzi alinieleza bila kunong'ona na bila kutisha kwamba kipimo hicho cha mwisho kitarudiwa baadaye katika ujauzito, kwa kuwa mama anayepata maambukizi mapya wakati huo anawaweka hatarini aliye tumboni na anayenyonya. Nilizungushiwa utepe kwenye mkono, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, na yote hayo bila kulipa chochote, kama inavyotakiwa kwa wajawazito katika vituo vya serikali. (Katika hudhurio la tatu vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vimekwisha na nilielekezwa duka la dawa. Hilo nalitaja tu, halikunisumbua sana.)

Tatizo lilianza binti yangu alipoingiza mkono ndani ya blauzi yangu. Muuguzi alikuwa anajaza kadi ya ujauzito, ile inayoitwa RCH 4, akainua macho na kusema, "Mama, huyu bado ananyonya? Unambemenda mtoto. Mwachishe leo hii." Nilipouliza kwa nini, alinipa sababu mbili, kwamba maziwa ya mjamzito ni machafu kwa mtoto mkubwa na kwamba kunyonyesha kutalifanya tumbo likaze mimba iharibike. Hakuniuliza kama nimewahi kupoteza mimba, wala kama binti huyo alizaliwa kabla ya wakati. Hakuiomba kadi ya mtoto, ambayo ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Kilichonishangaza zaidi nilikiona wakati nafunga vifungo: ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, lilikuwepo bango linalowahimiza akina mama kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi.

Kwa asiyelijua neno hilo la kubemenda, mtoto aliyebemendwa ni yule anayedhoofu, anayechelewa kutembea au kuharisha mara kwa mara, na jamii ikasema kwamba wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati au mama yake amebeba mimba nyingine kabla hajamwachisha. Ni tuhuma nzito, kwa maana inatolewa hadharani na inamwangukia mama zaidi kuliko baba. Kusikia neno hilo kwa jirani nilikuwa nimejiandaa, lakini kulisikia kutoka kwa mtu aliyevaa sare nyeupe kulinivunja nguvu, nikarudi nyumbani nimekwisha kukata shauri.

Mama mkwe wangu, mwanamke ninayemheshimu na aliyelea watoto sita, alileta jani la mshubiri jioni ileile. Nilijipaka. Binti yangu alinusa, akalamba, akakunja uso, akanitazama kwa muda kama anayesubiri maelezo, kisha akashika pindo la khanga yangu na kulipangusa titi kwa utaratibu, kama anavyoniona nikipangusa meza, akaendelea kunyonya. Tulicheka, lakini kicheko kiliishia hapo. Usiku ule alihamishiwa chumbani kwa bibi yake, na kwa siku nne alilia, akakataa uji, akakataa ndizi, akawa anakunywa maji tu na kulala kwa kwikwi. Matiti yangu yalivimba na kuwa magumu kama mawe.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupimwa uzito. Mizani ya kuning'inia imefungwa kwenye boriti ya baraza, na kaptula ya turubai wanayovalishwa watoto ni moja, kwa hiyo inatoka kwa huyu inaingia kwa yule ikiwa bado na joto. Alama ya mshale ilisimama kwenye kilo 8.5, wakati mwezi uliotangulia ilikuwa 8.8. Mhudumu aliyekuwa akiandika, kijana mwenye haraka, alitaka kuirudisha kadi, kisha akaiona mistari ikiteremka, akanielekeza chumba kidogo kilicho karibu na stoo, kwa afisa lishe.

Tathmini hii isingeandikwa kama si chumba hicho. Afisa lishe, ambaye kila mtu hapo humwita dada wa lishe ingawa anaweza kuwa na umri wa mama yangu, aliitikia shikamoo yangu, akaitazama kadi ya mtoto, akautazama mwili wangu, kisha akauliza, "Na kadi yako wewe iko wapi?" Niliitoa. Alisogeza kikombe chake cha chai, akaziweka kadi zote mbili sambamba mezani, ya mtoto kushoto na ya mimba kulia, na akaanza kuzisoma kwa kidole, akihama kutoka hii kwenda hii. Mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amezisoma kadi hizo pamoja. Kila moja ilikuwa na siku yake, daftari lake na meza yake, kana kwamba ni za wanawake wawili wasiojuana.

Maswali yake yalikuwa machache na alitaka majibu kamili. Je, nimewahi kutokwa na mimba au kujifungua kabla ya wakati? Je, katika mimba hii nimeona damu hata mara moja? Je, nimeambiwa kwamba nina mapacha, au kwamba mlango wa kizazi una shida? Je, binti akinyonya nahisi tumbo likikaza kwa mfululizo? Nilipojibu hapana kwa yote, alieleza kwamba ningejibu ndiyo kwa lolote angenipeleka kwa daktari kabla ya kunishauri kuendelea. Kwa mimba isiyo na matatizo, alisema, kunyonyesha hakujaonekana kuiharibu. Ni kweli kwamba mtoto anaponyonya mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo hulikaza tumbo la uzazi wakati wa kujifungua, lakini kwa sehemu kubwa ya ujauzito tumbo la uzazi haliitikii sana wito wa homoni hiyo, na mwitikio huongezeka siku za kujifungua zinapokaribia. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini na uso usioonyesha aibu yoyote, kwamba homoni hiyohiyo hutoka mke na mume wanapokuwa pamoja, na kama sikukatazwa hilo, basi hakuna sababu ya kukatazwa lile.

Kuhusu uchafu wa maziwa alikuwa mkali. Maziwa ya mjamzito hayawi sumu wala hayaozi. Yanachopata ni mabadiliko mawili: yanapungua, kwa kawaida kuanzia mwezi wa nne au wa tano, kwa sababu homoni za mimba zinayazuia hata kama mtoto ananyonya sana, na ladha yake inageuka, sukari ikipungua na chumvi ikiongezeka, kwa kuwa yanaelekea kuwa dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, ya mtoto anayekuja. Watoto wengi huacha wenyewe wakati huo, na wengine hawajali. Hatari iliyopo, alisema, ni kwamba mama anaweza asitambue kuwa maziwa yamepungua, akadhani mtoto anashiba kwa sababu bado yuko kifuani, kumbe anavuta kisichokuwepo.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo tangu siku ile nimelirudia kwa watu wengi. Utapiamlo unaovimbisha miguu ya mtoto tunauita kwashiakoo, na neno hilo halikutoka kwa Wazungu. Ni la Kiga, lugha ya watu wa pwani ya Ghana, na aliyelichukua na kuliandika katika jarida la kitabibu mwaka 1935 ni daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi huko wakati nchi hiyo ikiitwa Gold Coast. Akina mama wa Kiga walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake anapokuja. Kwa hiyo bibi zetu waliosema "kabemendwa" na akina mama wale wa Ghana walikuwa wamekiona kitu kilekile kwa macho yao: mtoto mzuri anaanza kudhoofu mama anapobeba mimba nyingine. Walichokosea ni kumjua mkosaji. Mtoto hakuharibiwa na maziwa ya mimba, aliharibiwa na kunyang'anywa maziwa kwa ghafla na kubaki na ugali na mboga za majani.

Maelezo hayo niliyapeleka nyumbani, nikamweleza mama mkwe kwa uangalifu, nikitarajia ubishi. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Shemeji yangu alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, tukasema kabemendwa." Nikamwuliza, "Alikuwa anakula nini, mama?" Akafikiri. "Walimwachisha, wakampeleka kwa bibi yake kijijini. Kulikuwa na uji wa muhogo." Hakusema zaidi ya hapo, ila jani la mshubiri halikuonekana tena nyumbani kwetu.

Ushauri wa vitendo aliotupa dada wa lishe ulihesabika na ulipimika, jambo ambalo ni adimu. Alianza kwa kusema kwamba katika mwaka wa pili maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto takriban theluthi moja ya nguvu anazohitaji kwa siku, kwa hiyo yakipungua pengo hilo lazima lizibwe kwa makusudi. Binti yangu alitakiwa ale milo minne hadi mitano badala ya mitatu, apate vikombe viwili vya maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, takriban mililita 500 kwa siku, na kila siku apate kitu kimoja chenye asili ya mnyama, iwe yai, dagaa waliosagwa au kipande cha ini. Unga wa lishe niliokuwa nikinunua, wenye mchanganyiko wa nafaka na karanga na soya na sijui nini, aliuweka pembeni na kunishauri nipike uji wa nafaka moja, kisha niongeze maziwa au karanga zilizosagwa wakati wa kupika. Mimi mwenyewe niliambiwa niongeze mlo mmoja kamili, ninywe maji kabla kiu haijanifika, na niache mtindo wangu wa kunywa chai pamoja na chakula, kwa sababu chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwenye maharage na mchicha, na mimi nilikuwa na watu wawili wanaoisubiri damu hiyo.

Jioni ya Ijumaa ile binti alirudi kifuani. Mwezi uliofuata alipima kilo 9.0, na uliofuata tena 9.3. Sisemi kwamba ni maziwa yangu peke yake yaliyofanya hivyo, maana mayai yalichangia kiasi chake na mfuko wa baba yake unalijua hilo.

Yale aliyoyatabiri yalikuja karibu yote. Katika wiki ya 19 maziwa yalipungua waziwazi, na binti akawa anavuta, anaachia, ananitazama na kusema "isha," kisha anahamia upande wa pili kuhakikisha. Chuchu ziliniuma kwa namna ambayo sikuwa nimeandaliwa vya kutosha, na hili ninalihesabu kama pungufu la ushauri, kwa sababu lilitajwa kwa sentensi moja tu wakati ndilo linalowafanya wanawake wengi kuacha. Nilipolalamika katika hudhurio lililofuata nilifundishwa kumhesabia binti moja mpaka kumi kwa sauti, na kufika kumi ikawa mwisho. Wiki ya kwanza alilia, ya pili akaanza kuhesabu na mimi, na sasa anapofika "tisa" huachia mwenyewe ili apate kuisema "kumi" vizuri. Ananyonya mara moja tu, kabla ya kulala.

Swali langu la mwisho lilihusu dang'a, nikihofia kwamba mkubwa ataimaliza kabla mdogo hajazaliwa. Jibu lilikuwa kwamba mwili utaendelea kuitengeneza mpaka siku chache baada ya kujifungua, na haiwezi kukaushwa na mtoto mkubwa anayenyonya mara moja kwa siku, ila nisishangae choo chake kikilainika kwa sababu dang'a ina kawaida hiyo. Baada ya kujifungua, mchanga ndiye atakayeanza kila mara na mkubwa atapata kinachobaki, na katika siku zile za mwanzo za dang'a mkubwa azuiliwe kumtangulia. Agizo hilo liliandikwa kwa penseli pembezoni mwa kadi yangu, "mchanga kwanza," ili muuguzi wa zamu wodini alikute.

Kwa huduma ya vipimo ninakipa kituo hiki alama nane kati ya kumi, na kwa chumba cha lishe ninakipa tisa. Kwa namna vyumba hivyo viwili vinavyowasiliana, ninakipa tatu. Usingepungua uzito wa binti yangu, nisingefika kwa afisa lishe kabisa, maana hakuna aliyenituma kwake siku ya kwanza na yeye hukaa kituoni siku za Jumatano na Ijumaa tu, wakati wajawazito tunakuja Jumatatu. Somo la afya la asubuhi, ambalo husomeshwa kwa dakika ishirini kabla ya vipimo, lilizungumzia malaria, dalili za hatari na maandalizi ya kujifungua, na mara tano nilizohudhuria sikusikia hata sentensi moja kuhusu mjamzito anayenyonyesha, ingawa kwa kuangalia tu benchi nilihesabu siku moja wanawake wanne wenye watoto wa chini ya miaka miwili mapajani. Wawili kati yao waliwafunika watoto kwa khanga kila muuguzi alipopita.

Malalamiko yangu niliyafikisha kwa mganga mfawidhi katika wiki ya 30, kwa mdomo na kwa heshima. Alinisikiliza akiwa amesimama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Wiki iliyopita, katika hudhurio la wiki ya 34, dada wa lishe hakuwepo Jumatatu kama ilivyo kawaida, lakini muuguzi yule wa siku ya kwanza, bila kunikumbuka kwa jinsi nilivyoona, aliipokea kadi yangu, akamtazama binti aliyekuwa akivuta kola ya blauzi yangu, na akauliza kama kadi ya mtoto ninayo. Nilimpa. Aliifungua, akaitazama kwa muda mfupi, akanirudishia bila kusema neno.

Ukienda, beba kadi zote mbili hata kama siku hiyo ni ya moja. Jumatano kuna watu wachache kuliko Ijumaa. Choo cha nyuma hakina maji, na kwa kuwa utaombwa mkojo, jaza chupa nyumbani.